Funguo Tatu Katika Kiganja Kimoja

Jumapili moja hivi karibuni nilikwenda kumsalimia baba mdogo Mkolani. Kwa msomaji asiyeijua Mwanza: unatoka mjini kwa Barabara ya Kenyatta, unapita Mkuyuni, Butimba na Nyegezi, halafu kabla hujafika Buhongwa uko Mkolani. Nyumba zimepandana na mawe kama ilivyo sehemu kubwa ya mji wetu. Baba mdogo ana gari dogo la Kijapani la mtumba, zile za kuwasha kwa kubonyeza kitufe. Ndilo linalompeleka kazini, ndilo linalobeba magunia ya mchele wa mama mdogo, na kesho yake, Jumatatu, saa kumi na mbili asubuhi, ndilo lilitakiwa kumpeleka mama mdogo kliniki Bugando.

Jioni ile baba mdogo akatoka nje kuchukua kitu garini. Akabonyeza rimoti. Kimya. Akasogea karibu, akabonyeza tena kwa nguvu, kama vile tatizo ni kidole. Kimya. Akaishika na mkono wa kushoto. Kimya vilevile.

Akaitwa fundi wa jirani. Kijana mstaarabu tu, ana bisibisi zake na testa mfukoni. Akatoa simu, akafungua kamera, akaielekezea rimoti, akabonyeza. Akatuonyesha kioo cha simu: "Mnaona? Hamna mwanga. Rimoti nzima ingetoa mwanga hapa. Hii imekufa, mzee. Na hizi zikifa gari halikutambui tena, inabidi tubadili rimoti pamoja na boksi lake la ndani." Bei? Laki saba, na hapo kafanya ujirani.

Baba mdogo hakusema kitu. Aliingia ndani, na mimi nikajua anakwenda kuhesabu nini. Pesa iliyokuwapo ndani ya nyumba ile ilikuwa ada ya mdogo wangu anayesoma kidato cha tano. Hapakuwa na nyingine.

Mimi si fundi. Kazi yangu ni kuandika habari, na gari la kwangu sina. Ila miezi michache nyuma nilikuwa nimesoma sana kuhusu wizi wa magari na historia ya funguo kwa ajili ya makala ambayo mhariri wangu hakuitoa mpaka leo. Kwa hiyo jioni ile nilichokuwa nacho mkononi ilikuwa historia tu. Nikamwambia baba mdogo: "Baba, usitoe hela kwanza. Nipe nusu saa."

Naomba na wewe msomaji unipe hiyo nusu saa.

Jambo lenyewe ni hili. Kile kidude unachokiita rimoti si ufunguo mmoja. Ni funguo tatu zilizokaa kwenye ganda moja la plastiki: ufunguo wa chuma, ufunguo wa chipu na ufunguo wa redio. Kila mmoja umezaliwa wakati wake, kwa sababu yake, na kila mmoja unakufa kwa namna yake. Mmoja ukifa, wale wengine wawili mara nyingi wako hai. Asiyejua historia hii hudhani vyote vimekufa pamoja, na hapo ndipo laki saba zinapotoka.

Tuanze na mkubwa wao, wa chuma.

Kufuli la pini ni kitu cha kale mno. Wamisri wa kale walikuwa na makufuli ya mbao ambamo vipini vya mbao vilidondoka na kuzuia komeo, na ufunguo wenye meno ulivinyanyua. Mmarekani Linus Yale Mdogo alichukua wazo hilohilo akalitia katika chuma kidogo, na hataza zake za 1861 na 1865 ndizo zilizotupa ule ufunguo bapa wenye mikwaruzo tunaoujua sote. Ukiangalia mlango wa chumba chako cha kupanga leo, unamwangalia Yale.

Magari ya kwanza hayakuwashwa kwa ufunguo hata kidogo. Uliyawasha kwa hendeli, unaizungusha mbele ya injini kwa mkono, na ikikurudishia vibaya inakuvunja kiwiko. Mwaka 1912 kampuni ya Cadillac ilitoa gari lenye stata ya umeme, kazi ya Charles Kettering. Lakini ni mpaka 1949 ndipo kampuni ya Chrysler ilipounganisha mambo mawili, kufungua umeme na kupiga stata, katika mzunguko mmoja wa ufunguo. Kile kitendo cha kuingiza ufunguo na kunyonga, ambacho kwa wazazi wetu ndio maana yenyewe ya kuwasha gari, kina umri mdogo kuliko babu zetu wengi.

Kwetu sisi ufunguo wa chuma ulitawala muda mrefu zaidi. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 na miaka ya uhaba wa fedha za kigeni iliyofuata, gari halikuwa kitu cha kununua tu ukijisikia. Serikali ndiyo iliyoshika njia ya uagizaji, na gari lililokuwapo lilitunzwa mpaka liwe kikongwe. Mlango ulifunguka mwaka 1984, pale serikali iliporuhusu watu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa bila kuulizwa maswali mengi, na ukafunguka zaidi kipindi cha Mzee Mwinyi, 1985 hadi 1995, Mzee Ruksa wenyewe. Hapo ndipo magari ya mtumba ya Kijapani yalipoanza kumiminika. Japani wanaendesha kushoto kama sisi, usukani uko kulia, na kule gari likizeeka gharama za ukaguzi wa lazima humfanya mwenyewe alitoe mapema. Wao wanalichoka, sisi tunalipokea.

Magari yale ya mwanzo yalikuwa na ufunguo wa chuma mtupu. Ukiupoteza, au ukitaka wa pili, unakwenda kwa mchonga funguo. Nakumbuka nikiwa mdogo nilisindikizwa mjini kwa mmoja wao: jiliwa, tupa na rundo la funguo ghafi zikining'inia kwenye waya. Aliuchonga kwa macho, akaujaribu, akachonga tena, akaupuliza vumbi. Dakika kumi, kazi imekwisha. Elimu yote ya ule ufunguo ilikuwa mkononi mwake. Hakuhitaji ruhusa ya mtu yeyote wa Japani.

Huyo mkubwa bado yupo ndani ya rimoti yako. Nikaigeuza ile ya baba mdogo, nikakuta kijitufe kidogo pembeni, nikakivuta, ukachomoka ufunguo mwembamba wa chuma. Baba mdogo ana gari lile mwaka wa nne. Akanitazama kama nimefanya kiinimacho! Tundu la ufunguo lilikuwa mlangoni upande wa dereva. (Kwenye baadhi ya magari limefichwa chini ya kifuniko cha kitasa, linahitaji kubanduliwa taratibu.) Nikanyonga. Mlango ukafunguka, taa ya ndani ikawaka.

Taa ile ilikuwa habari kubwa kuliko mlango. Ingekuwa haijawaka, tungejua ugonjwa ni betri kubwa ya gari na rimoti inasingiziwa. Imewaka, maana yake gari lina umeme. Tumeshapunguza jambo moja.

Sasa ufunguo wa pili, wa chipu. Huyu ndiye wa ajabu kuliko wote.

Tatizo la ufunguo wa chuma ni kwamba mwizi hauhitaji. Anavunja kioo, anafungua plastiki chini ya usukani, anaunganisha waya, anaondoka. Kwa hiyo wahandisi walitafuta namna ya kulifanya gari liulize swali ambalo chuma hakiwezi kulijibu. Na jibu lake lilikuwa limeshatengenezwa, tena na majasusi.

Mwaka 1945 watoto wa chama cha vijana cha Kisovieti walimzawadia balozi wa Marekani mjini Moscow nembo kubwa ya nchi yake iliyochongwa kwa mbao. Kizuri mno. Akaitundika nyumbani kwake. Ilikaa pale miaka saba, mpaka 1952 ilipogundulika kwamba ndani yake mna kinasa sauti kilichobuniwa na Leon Theremin. Kwa nini hawakukiona miaka yote hiyo? Kwa sababu hakikuwa na betri wala waya. Kilikaa kimya kama kipande cha chuma tu. Warusi walipokirushia mawimbi ya redio kutoka nje, mawimbi yaleyale yalikiamsha, nacho kikarudisha mawimbi hayo yakiwa yamebeba sauti za chumbani. Nguvu ya kusema ilitoka kwa yule anayeuliza.

Wazo hilo halikufia kwenye ujasusi. Mwaka 1973 Mmarekani Charles Walton alipata hataza ya kadi isiyo na betri inayofungua mlango kwa kusogezwa tu karibu na kisomaji. Na katika miaka ya 1990 wazo likaingia kwenye magari: kijichipu kidogo ndani ya ufunguo, na waya uliozungushwa kuzunguka tundu la ufunguo. Ukiingiza ufunguo, ule waya unatoa mawimbi, chipu inaamka, inajibu namba yake. Namba ikikubalika injini inawaka. Isipokubalika, hata ungekuwa na chuma kilichochongwa na Yale mwenyewe, hutoki hapo. Hiki ndicho mafundi wanakiita imobilaiza.

Ulaya walikifanya cha lazima kwa magari mapya kuanzia 1998. Wachumi wawili wa Uholanzi walipokuja kupima baadaye, walikuta kwamba uwezekano wa gari kuibwa kule ulipungua kwa takriban nusu kutokana na kidude hicho cha bei ndogo. Nusu! Japani hawakukilazimisha hivyo, ndiyo maana magari mengi ya Kijapani ya miaka ya 1990 tunayoyaona mitaani hayana, na yale mapya mapya mengi wanayo.

Zingatia sana, msomaji wangu: chipu hii HAINA betri. Haijali kama betri ya rimoti ni nzima au imeoza. Inahitaji tu kusogezwa karibu na anayeiuliza.

Na kwenye gari la kubonyeza kitufe, anayeiuliza yuko wapi? Kwenye magari mengi yuko palepale kwenye kitufe cha kuwashia. Mengine wameweka kijisehemu maalumu cha kuweka rimoti, ndani ya dashibodi au kwenye sehemu ya vikombe, kitabu cha gari kinasema. Nikamwambia baba mdogo akae kwenye kiti, akanyage breki, aguse kitufe kwa ile rimoti "iliyokufa", upande wenye nembo. Ikalia mlio mdogo, kataa ka kitufe kakabadilika rangi. Nikasema bonyeza sasa.

Injini ikawaka.

Mama mdogo alikuwa amesimama mlangoni na kanga begani. Akapiga kigelegele kimoja kifupi, akarudi ndani kugeuza ugali. Fundi wetu naye akacheka, akasema, "Hii sijawahi kuiona, kaka." Nilimheshimu kwa hilo. Wangapi wangekubali mbele ya mteja?

Mpaka hapo laki saba zilikuwa zimeshaokoka, na kliniki ya kesho ipo. Kilichobaki ni ufunguo wa tatu, yaani wa redio, ambao ndio peke yake uliokuwa umenyamaza. Na hapa ndipo historia inapoeleza kwa nini kipimo cha kamera kilimpoteza fundi wetu.

Rimoti ya kwanza ya kufunga na kufungua milango iliyojulikana sana ilitoka Ufaransa, kwenye gari la Renault Fuego, mwaka 1982. Aliyeibuni aliitwa Paul Lipschutz, na Wafaransa mpaka leo wanaiita "plip" kwa kufupisha jina lake. Ile ilitumia mwanga usioonekana kwa macho, uleule wa rimoti ya televisheni. Ndiyo maana rimoti ya televisheni ukiielekezea kamera ya simu, hasa ya mbele, unaona kataa kanamemeteka: kamera inaona mwanga ambao jicho halioni. Kipimo hiki ni cha kweli kabisa, kwa televisheni na kwa Fuego ya 1982.

Lakini mwanga ulikuwa na shida zake. Ulitaka uelekeze sawasawa, na masafa yake yalikuwa mafupi. Watengenezaji wakahamia kwenye redio. Redio haina taa ya kuonekana kwa kamera. Rimoti nzima ya gari la leo ukiielekezea kamera utaona giza tupu, sawa na iliyokufa. Fundi wetu hakudanganya. Alitumia kipimo sahihi kwa ufunguo wa zama nyingine.

Redio nayo ikaja na balaa lake. Rimoti za mwanzo zilirusha namba ileile kila siku. Mwizi akakaa na mashine yake kwenye maegesho, akainasa namba, ukiingia dukani anairudia, mlango unafunguka. Dawa ya jambo hili haikutoka Detroit wala Tokyo peke yake. Mojawapo ya dawa zilizoenea sana ilitoka Afrika. Katikati ya miaka ya 1980 wahandisi wa Afrika Kusini kwenye kampuni iliyoitwa Nanoteq, akiwemo Gideon Kuhn na Willem Smit, walitengeneza mfumo wa namba inayobadilika kila unapobonyeza. Wakauita KeeLoq. Mwaka 1995 kampuni ya Kimarekani ya Microchip iliununua kwa dola milioni 10, ukaenea duniani kwenye magari, mageti na alamu za kufungwa baadaye.

Unafanyaje kazi? Fikiria mlinzi wa geti na wewe mna madaftari mawili yanayofanana, kila ukurasa una neno lake la siri. Leo unasema neno la ukurasa wa kwanza, wote mnafunua. Aliyejificha kichakani akalisikia, kesho halimsaidii, maana mlinzi ameshavuka ukurasa ule. Na kama wewe ukiwa mbali umefunua kurasa tano kwa bahati mbaya, mlinzi ana busara: anachungulia kurasa kadhaa mbele, anakukuta, anakuruhusu. Kwenye KeeLoq huchungulia kurasa 16 hivi kwa urahisi. Ukizidi hapo anataka umwambie maneno mawili yanayofuatana ndipo akuamini.

Sasa mpe mtoto rimoti achezee sebuleni wiki nzima, gari liko gereji. Amefunua kurasa mia mbili. Ukija kubonyeza mara moja, kimya. Watu hukimbilia kununua rimoti mpya, kumbe ilitakiwa usogee karibu na gari, ubonyeze mara mbili au tatu mfululizo. Magari hayafanani, mengine yana utaratibu wake ulioandikwa kwenye kitabu, lakini wazo ni hilohilo.

Kwa baba mdogo hapakuwa na mtoto. Tukafungua ganda la rimoti kwa bisibisi bapa iliyofungwa kitambaa, taratibu, bila kugusa ovyo kile kibao cha kijani cha ndani. Betri yake ni ile bapa kama sarafu, ya volti 3. Fundi akaipima kwa testa yake: volti 2.3. Ilikuwa imechoka, na vile vibati vinavyoishika vilikuwa na ukungu wa kijani, jasho na maji ya mvua ya miaka minne. Tukavisugua kwa kifutio cha penseli, tukapangusa kwa spiriti. Betri nyingine ya aina ileile tukaipata kwenye duka la vifaa vya simu barabarani, bei yake haifiki ya sahani ya chipsi mayai. Angalia namba iliyochorwa mgongoni, CR2032 au CR1632 au nyingine, nunua ileile, na kumbuka upande wa kujumlisha ulikuwa umeangalia wapi. Ile ya zamani usiiache mezani: mtoto akiimeza inaweza kumuunguza koo ndani ya saa chache.

Baba mdogo akabonyeza. Taa za gari zikakonyeza mara mbili. Saa mbili kasoro usiku, Mkolani.

Ningeweza kuishia hapa, lakini kuna jambo moja lilinifuata mpaka kwenye daladala ya kurudi mjini.

Nilimuuliza baba mdogo ufunguo wa pili uko wapi. Akasema gari lilikuja na huohuo mmoja. Ukiuliza mtaani kwako utasikia jibu hilohilo mara nyingi. Gari linatoka kiwandani Japani na funguo zake mbili. Halafu mwenyewe wa kwanza, mnada, yadi, meli, bandari ya Dar es Salaam, wakala wa forodha, dereva wa kulileta Mwanza, zaidi ya kilometa 1,100 za lami. Mahali fulani kwenye mnyororo huo ufunguo wa pili unabaki droo ya mtu. Zama za jiliwa na tupa hilo halikuwa kitu, dakika kumi kwa mchonga funguo. Zama hizi ni jambo zito, kwa sababu elimu ya ufunguo imehama kutoka mkononi mwa mchongaji ikaingia kwenye kumbukumbu ya gari, na gari huongea na wenye mashine na programu zake.

Ukiwa na ufunguo mmoja ulio hai, kwenye magari mengi kuongeza wa pili ni kazi ya kawaida: mwenye mashine anautumia ule uliopo kumtambulisha mgeni. Ukiupoteza huo mmoja, umekuwa mgeni kwenye gari lako mwenyewe. Hapo ndipo yale maneno ya kubadili boksi yanapoweza kuwa ya kweli, na laki saba inaweza kuwa bei ya huruma.

Na kununua wa pili nako kuna mitego inayotokana na historia ileile. Rimoti za magari ya soko la Japani kwa kawaida huongea kwenye megahezi 315 au karibu na hapo. Za Ulaya ni megahezi 433. Ganda sawa, vitufe sawa, nembo sawa, lakini moja inaongea na stesheni ambayo gari lako halisikilizi. Linganisha namba zilizoandikwa kwenye kibao cha ndani, usilinganishe sura. Na rimoti iliyotumika kwenye gari jingine, mara nyingi imeshafunga ndoa na gari lile, haiolewi tena bila talaka ya mtaalamu.

Usije ukadhani pia kwamba ufunguo mpya zaidi ndio salama zaidi. Mwaka 2007 na 2008 watafiti wa Ulaya na Israeli walionyesha jinsi KeeLoq yenyewe inavyoweza kuvunjwa. Mwaka 2011 watafiti wa Zurich walichapisha majaribio yao kwenye magari 10 ya watengenezaji 8, yale yanayofunguka ufunguo ukiwa mfukoni: yote yalidanganywa kwa kurefusha mawimbi ya ufunguo kutoka ulipo hadi kwenye gari. Kwa hiyo usiku usiutundike ufunguo kwenye msumari wa karibu na mlango. Uweke ndani, mbali.

Kiswahili kiliupa ufunguo jina kutokana na kufungua. Hakikuuita kifungio, ingawa kufunga nako ni kazi yake. Nadhani wazee walikuwa na akili: mlango ukishafungwa, mwenye thamani ni yule anayejua kuufungua. Mchonga funguo wa utotoni mwangu alijua. Yule fundi wa Mkolani sasa anajua pia, na aliniomba nimwandikie kwenye karatasi ile habari ya chipu isiyo na betri. Nilimwandikia. Baba mdogo alimpa elfu kumi ya usumbufu, akaipokea kwa aibu kidogo.

Jumatatu mama mdogo aliwahi Bugando. Ada imelipwa. Ufunguo wa pili bado hatujautengeneza, baba mdogo anasema mwezi ujao. Nimemwambia nitamuuliza kila Jumapili mpaka achoke.

Na wewe je, wako wa pili uko wapi? Kabla hujalala leo, chomoa kile chuma ndani ya rimoti yako, hakikisha kinafungua mlango, kisha jaribu kuwasha gari kwa kuigusisha rimoti kwenye kitufe. Fanya hivyo ukiwa nyumbani, kukiwa na mwanga na huna haraka.